Naomba ushauri: Cape Town hadi Knysna kwa gari la kukodi

Habari zenu wakuu. Oktoba mimi na mke wangu tunataka kukodi gari Cape Town, tupite mashamba ya mizabibu ya Stellenbosch na Franschhoek, tushuke Hermanus kutazama nyangumi, kisha mji wa pwani wa Knysna. Muda ni kama wiki moja, na dereva ni mimi peke yangu. Nimepekua ramani hadi macho yanauma: barabara kuu ya N2 ina kasi, ila barabara ya R62 kupitia miji ya Montagu na Oudtshoorn inanivutia zaidi. Kurudi njia ileile sitaki kabisa.

Je, twende kwa N2 turudi kwa R62, au kinyume? Na kuonja mvinyo, tulale Franschhoek tuzunguke kwa ile tramu ya mashambani, gari lipumzike?