Naomba ushauri: Appius Claudius wa 471 KK na wa 451 KK ni mtu mmoja?

Wakuu, naomba mwongozo kwa wanaoijua Roma ya mwanzo. Naandaa jedwali la vyeo vya Appius Claudius, yule patrishia (mtu wa tabaka la juu) wa Baraza la Watu Kumi, tume iliyoandika sheria za Roma, na nimekwama mstari wa kwanza.

Orodha ya makonsuli (viongozi wakuu wa mwaka wa Roma) iliyochongwa kwenye marumaru enzi za Augustus inahesabu ukonsuli wake wa 451 KK kuwa wa pili, yaani wa kwanza ni 471 KK. Lakini Livius, mwanahistoria wa Kirumi, anasema konsuli wa 471, aliyeua mmoja katika kila askari kumi baada ya jeshi lake kuwakimbia Wavolsci (maadui jirani wa Roma), alishtakiwa 470 akafa kabla ya hukumu. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi!

Yanayofuata hayanisumbui sana: 451 mbao kumi za sheria, kisha anasimamia uchaguzi wa Baraza la 450 na kujichagua mwenyewe (hapo kila mjumbe akatoka na walinzi 12, jumla 120), 449 anaanguka.

Mimi naegemea orodha. Niweke mstari mmoja wenye alama ya shaka, au watu wawili?