Nimeuziwa runinga ya "4K" isiyo ya 4K hapa Dodoma, na muuzaji anasingizia deki yangu

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, ila nitaeleza kwa utaratibu ili asije mwingine akaingia mkenge huu.

Mwezi uliopita nilinunua runinga ya inchi 43 katika duka moja la katikati ya mji. Kijana wa dukani aliniapia mambo mawili: kwamba ni 4K, yaani kioo chenye nukta nyingi sana za picha, na kwamba, kwa kuwa ni LED na si LCD, kila nukta ya kioo ina taa yake. Hilo la pili ni uongo mtupu. Runinga inayoitwa LED ni LCD ileile, yaani kioo kisichojiwakia bali kinachomulikwa na taa, isipokuwa taa hizo ni za LED badala ya mirija ya zamani. Hata QLED ni LCD. Yenye nukta zinazojiwakia zenyewe ni OLED, ambayo weusi wake ni weusi kweli kwa sababu nukta isiyohitajika huzimika. Yangu, tukizima taa ya sebuleni, weusi ni kijivu na pembeni mwanga unavuja. Mke wangu alidhani kioo kimeingia vumbi la Dodoma.

Kuhusu 4K, filamu zilionekana kama zina ukungu, nikarudi dukani. Nikaambiwa kosa ni la deki ya DVD, ninunue waya wa HDMI. Nikanunua. Picha ilitulia kidogo kuliko kwa ule waya wa njano, lakini DVD zangu zina nukta 720 kwa 576 tu, na hakuna waya wa kuziongeza. Nikaweka faili la 4K kwenye flashi. Likacheza, na bado kingo za maandishi zilikuwa kama meno ya msumeno. Ndipo nikafungua kitabu cha maelekezo: kioo kina nukta 1366 kwa 768, wakati 4K ni 3840 kwa 2160. Hiyo ni karibu sehemu moja tu ya nane! Kumbe "4K" ya kwenye boksi maana yake ni kwamba runinga inalipokea faili la 4K, kisha inalipunguza litoshe kioo chake. Nimepimiwa kisado kwa bei ya debe.

Risiti ninayo, boksi ninalo, lakini mwenye duka anasema mali ikishatoka hairudi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Aliyewahi kupeleka shauri la namna hii Tume ya Ushindani, naomba anieleze alianzia wapi.