Nairobi hadi New York bila kuunganisha: ni saa nane au kumi na tano?

Kifungua_Mimba: Wadau, salamu. Mama anakuja kututembelea Julai, JKIA moja kwa moja hadi JFK. Tiketi inasema anaondoka 23:40 na kufika 07:40. Keshapiga hesabu zake: saa nane tu, kama basi la kwenda Mombasa. Ana miaka 71 na miguu humvimba. Ni saa ngapi hasa? Ya kupitia Doha ni nafuu kidogo.

Juma_wa_Pili: Kama 15. Saa za tiketi ni za kila mji. Julai New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba, kuanzia Novemba hadi Machi ni nane.

Shangazi_Bronx: Mwambie ukweli mdogo wangu, asije akaamka juu ya Atlantiki akaanza kuvaa viatu.

Njia hiyo Kenya Airways waliianza Oktoba 2018, na ni takriban kilomita 11,800. Tandaza uzi kwenye tufe: unapita Uganda, Sudan Kusini, Chad, jangwa la Algeria, unatokea baharini karibu na Morocco. Ndege ikienda kilomita 900 kwa saa ungesema 13 zinatosha. Lakini kule juu upepo huvuma kutoka magharibi, na kuja huku mnapambana nao uso kwa uso. Kurudi unawasukuma, kwa hiyo safari hupungua kwa saa nzima hivi.

Kuondoka usiku pia kuna maana. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hunyanyuka vizuri zaidi kukiwa na baridi.

Halafu mnalikimbia jua, basi usiku hauishi. Mama yangu mimi alisali sala ya asubuhi, akalala, akaamka, bado giza. Akaniambia alidhani rubani amepotea!

Ya Doha usimchukulie mzee. Kwanza anapelekwa saa tano upande wa Ghuba, kisha karibu 14 kuja huku, na katikati anakokota mkoba uwanja mzima akitafuta lango.

Kifungua_Mimba: Asante sana Shangazi. Na miguu?

Shangazi_Bronx: Kiti cha kando ya njia, si cha dirishani, maana ataona haya kuwaamsha watu. Anyanyuke kila baada ya saa mbili, atembee hadi nyuma kwa wahudumu, aombe maji. Soksi za kubana amuulize daktari wake kwanza, hasa kama ana presha au sukari. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Kiti cha magurudumu kiombeni sasa hivi, msingoje siku ya safari. Foleni ya uhamiaji JFK asubuhi si mchezo.

Kifungua_Mimba: Nimempigia. Anasema kama ni saa 15, basi anabeba chapati.