Naomba ushauri: hedifoni za kusikilizia mahojiano kwenye kompyuta

Habarini wana jamvi, wakubwa shikamooni.

Nipo Mtwara mjini. Nimewarekodi wazee wa Mikindani kwa simu, sasa nayaandika mahojiano yao kwenye kompyuta, saa 5 au 6 kwa siku. Wengi wanachanganya Kimakonde na Kiswahili, na sauti ziko chini. Neno moja likinipita, naweza kupotosha maneno ya mtu, na hilo linaniuma.

Spika nimeziacha. Nyumba ni ya kupanga, na wazee wamenisimulia mambo ya familia zao. Majirani hawapaswi kuyasikia. Hedifoni za Bluetooth nazo chaji iliniishia katikati ya kazi, kwa hiyo nataka za waya.

Kinachonitatiza ni joto. Zinazofunika sikio zima zinapunguza kelele za feni na bodaboda, lakini Desemba huku pwani masikio yanalowa jasho. Zilizo wazi nyuma zinapitisha hewa, ila kelele nazo zinaingia. Mnaofanya kazi kama hii mnavaa zipi? Pedi za kitambaa zinastahimili jasho kuliko za ngozi bandia?

Halafu tundu la milimita 3.5 la kompyuta yangu limelegea. Nichukue za USB moja kwa moja? Nina shilingi 80,000.