Mwaka 2024 tumeuziwa viporo kwa jina la albamu

Mbukwenyi, ndugu wanajukwaa. Naandika kutoka Dodoma nikiwa na hasira niliyoikalia tangu mwezi wa Oktoba, na ninawaomba wasimamizi wasiuunganishe uzi huu na ule wa nyimbo bora za mwaka, kwa sababu mimi sizungumzii wimbo mmoja mmoja. Nazungumzia albamu, yaani kazi nzima ambayo msanii ameketi akaipanga, akaamua ianzie wapi na iishie wapi, kisha akatuita mashabiki tuigharimie.

Nianze na iliyonichoma zaidi. Msanii wake ni mkubwa, na simtaji kwa jina kwa kuwa sitaki uzi huu ugeuke vita vya timu. Alitutangazia albamu hiyo kwa miezi mitano mizima: kwanza picha ya jalada, kisha majina ya wasanii walioshirikishwa, akitajwa mmoja kila wiki kama wachezaji wanaosajiliwa dirisha kubwa. Siku ilipotoka nilikuwa Dar es Salaam kikazi, nikaipakua usiku, na asubuhi yake nikapanda treni ya umeme kurudi nyumbani. Safari ile, tangu ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ndiyo nafasi pekee ninayopata ya kukaa zaidi ya saa tatu bila mtu wa kunikatisha, na nilikuwa nimejiwekea nadhiri kwamba sitaruka wimbo hata mmoja. Tuliondoka, tukaipita Pugu, na tulipofika Ruvu albamu ilikuwa imekwisha.

Nikadhani nimekosea kubonyeza. Nikairudia huku nikiandika kwenye daftari, na hesabu yenyewe ni hii: nyimbo 17, ambazo tisa kati yake zilikwisha kutoka moja moja tangu mwaka 2022, na mojawapo ndiyo iliyomwingiza dada yangu ukumbini siku ya harusi yake, naye sasa ana mtoto anayetembea. Katika nane zilizobaki, mbili si nyimbo bali ni sauti za watu wakimsifu msanii mwenyewe, na moja ni ile ya mwaka 2023 iliyoongezewa ubeti wa mgeni. Zinabaki tano. Mtu aliyetunga nyimbo tano angetoa nyimbo tano, na mimi ningempokea kwa mikono miwili, lakini kutupashia viporo na kuviita karamu ni kutudharau. Isitoshe, nyimbo 11 zina wageni, na katika tatu kati ya hizo mwenye albamu haimbi zaidi ya kiitikio. Nilimfuata yeye kwa sababu ya sauti yake na tungo zake za zamani, nikaishia kusikiliza wageni wake.

Najua watakuja watu wa kuniambia kwamba hiyo ndiyo biashara ya sasa, basi na tuizungumze hiyo biashara. Kwenye mitandao ya kusikilizia muziki kama Spotify, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukishapita sekunde 30, na baada ya hapo ule wa dakika mbili na ule wa dakika nane vinahesabiwa sawa. Ndiyo maana utangulizi wa ala umetoweka, kiitikio kinakujia usoni kabla hujajua wimbo unahusu nini, na ubeti wa tatu umekufa. Ndiyo maana pia nyimbo za zamani zinajazwa ndani ya albamu mpya, maana zinakuja na hesabu yao ya wasikilizaji, na msanii anapata kujivunia mamilioni siku ya kwanza. Ninaielewa njaa ya msanii, na sikatai kwamba lazima ale. Lakini wapigaji wa muziki wa dansi wa zamani nao walibanwa na vyombo vya zama zao, kwa kuwa santuri ndogo ya kasi ya mizunguko 45 kwa dakika haikuweza kubeba wimbo wao mrefu upande mmoja, na walichofanya ni kuugawa wimbo, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili, ili magitaa yapate nafasi ya kuchemka. Hawakuukata mkia wimbo. Baadaye kaseti nayo ilikuwa na upande A na upande B, na mtu alijali ni wimbo gani utafungua upande wa pili, kwa sababu msikilizaji alilazimika kuinuka na kuigeuza, na akiinuka apate kitu cha kumrudisha kitini.

Nilichoshindwa kabisa kukivumilia ni uzinduzi wa albamu hiyo uliofanyika hapahapa Dodoma. Tiketi niliinunua kwa shilingi 30,000, na nilimnunulia mke wangu nyingine. Tangazo lilisema milango ifunguliwe saa moja usiku. Msanii alipanda jukwaani saa saba usiku, akaimba nyimbo nne juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, kipaza sauti kikiwa mbali na mdomo, na hakuna hata moja iliyotoka katika zile tano mpya. Dakika 25, akashuka. Waandaaji tuliowauliza walitujibu kwamba watu wa Dodoma tushukuru hata kwa kufikiwa, na neno hilo sijalisahau mpaka leo. Mji huu ndio makao makuu ya nchi, una wanafunzi wa vyuo wanaojaza ukumbi wowote, na fedha zetu hazina alama ya mkoa.

Albamu ya pili iliyonivunja moyo ni ya dada mmoja mwenye sauti ya kipekee, na hapa nina huzuni kuliko hasira. Nyimbo 12, zote zimepigwa midundo ya amapiano kutoka Afrika Kusini, besi ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siuchukii muziki huo, na harusini nauchezea. Lakini mtayarishaji ameipitisha sauti ya yule dada kwenye mashine ya kunyoosha noti mpaka ule mtetemo wake wa asili, uliotufanya tumpende, hausikiki tena.

Sasa niseme niliyoyapenda, ili nisionekane mtu wa kulalamika tu.

Albamu yangu ya mwaka ni Maisha, ya The Zawose Queens. Hao ni Pendo Zawose na Leah Zawose, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeufikisha muziki wetu kwenye majukwaa ya dunia kabla hajafariki mwaka 2003. Kina mama hawa walikaa miaka mingi nyuma ya wanaume wa ukoo wao, wakiitikia na kupiga ngoma, na sasa wamesogea mbele. Nilipoisikiliza mara ya kwanza nilikuwa nimekaa barazani kwangu Nkuhungu, mvua za kwanza bado, vumbi limejaa hewani, na sauti zile zilipoanza kupishana na kupandana, mmoja akiita na mwingine akipita juu yake, nilimkumbuka bibi yangu na wenzake kijijini wakiwa wameibana ngoma ya muheme mapajani. Ndani yake kuna zeze, kuna ilimba, yaani marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, na kuna vyombo vya kisasa vilivyowekwa kwa adabu, vikiufuata wimbo na si kuuburuta. Nimeisikiliza mwanzo hadi mwisho mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijawahi kutamani kuruka.

Albamu hiyo imetolewa na Real World, kampuni ileile ya Uingereza iliyotoa kazi za Hukwe. Nilipiga simu kwenye kipindi cha redio moja hapa mjini kuomba wimbo mmoja tu, hata dakika mbili. Mtangazaji alicheka hewani, akaniambia muziki wa asili una kipindi chake, na kipindi hicho nilipokitafuta kwenye ratiba yao sikukiona. Nilipiga tena wiki iliyofuata na simu haikupokelewa. Dakika chache baadaye ukapigwa ule wimbo wa harusi ya dada yangu, ukitambulishwa kuwa ni mpya kutoka albamu mpya.

Ya pili ni ya kwaya moja ya mtaani kwetu, nyimbo nane, ambayo wanakwaya wenyewe waliichangia na kuiuza kwenye flashi baada ya ibada kwa shilingi 10,000. Haikurekodiwa vizuri sana, na kinanda kinazidi sauti mahali fulani. Lakini nyimbo zote nane ni mpya, zinafuatana kama mahubiri yaliyopangwa, na ya sita, inayotumia mahadhi ya Kigogo kuomboleza mwaka wa njaa, ilimfanya mama yangu azime jiko aje kusikiliza.

Madai yangu ni machache. Wasanii waandike kando ya kila wimbo mwaka ulipotoka kwa mara ya kwanza, ili shabiki ajue analipia nini kabla hajamaliza bando lake. Waandike pia majina ya wapiga vyombo, kama yalivyokuwa yakiandikwa nyuma ya majalada ya santuri. Waandaaji wa uzinduzi wa Dodoma warudishe fedha za waliokaa saa sita wakisubiri dakika 25. Nina tiketi zangu mbili mkononi, na mwenye yake aliyebaki nayo aniandikie hapa chini, kwa sababu Jumatatu ninapeleka barua kwao na ninataka iwe na majina mengi.