Tupeane uzoefu: fundi wa kila kitu na bingwa wa kitu kimoja, nani anadumu kazini?

Kijana_wa_Mbale: Bosi anapunguza watu, anataka kubaki na "wanaogusa kila kitu". Mimi ni wa hesabu tu. Kwenu hali ikoje?

Wakala_Malaba: Usinikumbushe. Nilikuwa bingwa wa makaratasi ya mpakani, wenye malori wananiulizia kwa jina. Ikaja Himaya Moja ya Forodha 2014, mzigo unamalizwa makaratasi ungali Mombasa. Ubingwa ukabaki wa kusimulia. Siku hizi nauza bima, nabadilisha pesa, gari la kuosha likija naosha.

Mama_Pendo: Kweli kabisa, ssebo.

Sangara2: Ngoja niwape ya kiwanda cha samaki, Jinja. Usiku, minofu ya sangara imejaa chumba cha baridi, gari la Entebbe linakuja alfajiri. Kompresa ikawa inanguruma bila kuzunguka, inajaribu, inakata. Kipimo ukutani kinapanda, na msimamizi wa zamu ni mimi. Akaitwa fundi wa mitambo ya baridi: "Kompresa nzima, tatizo umeme." Wa umeme akaja: "Taa si zinawaka? Tatizo kompresa." Wa jenereta akasema yeye hahusiki. Banange! Watu watatu wenye vyeti wanabishana mlangoni, maji yanatiririka sakafuni. Kulikuwa na mzee wa kupaka rangi, kuziba mabomba, kufyeka nyasi, chochote. Akasikiliza ule mngurumo, akauliza, "Mmepima fezi zote tatu?" Yaani zile njia tatu za umeme zinazolisha mota. Kimya. Kuzima na kufungua boksi la chenjiova, swichi ya kuhamia jenereta, waya mmoja umeungulia kwenye skrubu, mweusi tii. Fezi mbili zinafika, ya tatu haipo, na taa zilikuwa kwenye zile mbili! Wa umeme akakata ncha iliyoungua, akabana upya, mtambo ukazunguka. Minofu ikapona.

Fundi_Baridi: Tamu. Ila mzee wa aina hiyo kwetu aliiruka ovalodi, kinga ya kukata umeme mota ikizidiwa, ili kompresa "isikatekate". Mota ikaungua yote. Mshika mawili moja humponyoka.

Sangara2: Mzee wangu kaingiaje kwenye mota yako?

Fundi_Baridi: Nasema alibahatisha.

Sangara2: Wale watatu mbona hawakubahatisha?

Afya_Kasese: Njooni kituo cha afya daraja la tatu muone. Daktari hakuna, mkuu ni klinikal ofisa kama mimi: malaria mimi, jeraha mimi, ripoti ya mwezi mimi. Mama akihitaji upasuaji sibishani na mtu, namkimbiza daraja la nne kwenye daktari na chumba cha upasuaji. Fundi Baridi, mzee wenu hakujua pa kuishia, basi.

Boda_Mjomba: Kijana, jifunze lori.

Mama_Pendo: Asiende popote. Ashike hesabu, aongeze stoo na kodi ya mishahara. Ritani za URA, wale wa kodi wa Uganda, zinatakiwa kila mwezi kabla ya tarehe 15 kupita. Anayezijaza bosi atamfukuza vipi?

Wakala_Malaba: Akigusa stoo atabebeshwa magunia kwa mshahara uleule. Aulize pesa kwanza.

Kijana_wa_Mbale: Nimeuliza. Kasema "tutaongea".

Wakala_Malaba: Haya sasa.

Jirani_Masese: Sangara, huyo mzee bado yupo? Friji yangu inanguruma tangu juzi.

Fundi_Baridi: Friji ya nyumbani haina fezi tatu, ndugu. Niite mimi.