MREJESHO: Programu yangu ya kusoma kumbukumbu ya mashine pepe ilikuwa inaleta takataka

Wakuu, niliuliza kwa nini kijiprogramu changu, kinachosoma RAM ya mashine pepe ya QEMU (programu inayoiga kompyuta nzima) kupitia faili lake kwenye kompyuta mwenyeji, kilianza kuleta takataka nilipohama kutoka i440fx kwenda q35 (aina mbili za ubao mama ambazo QEMU huiga). RAM ni ileile GB 4, kernel ileile.

Aliyeniambia niendeshe `info mtree -f` (amri ya QEMU inayoonyesha ramani ya anwani za kumbukumbu) kwenye mashine zote mbili, Mungu akubariki. Kwenye i440fx, RAM ya GB 3 inakaa chini na GB 1 iliyobaki inaanzia anwani ya GB 4, katikati kuna pengo. Kwenye q35 inagawanywa GB 2 chini, GB 2 juu. Kwenye faili RAM imeungana bila pengo hilo, kwa hiyo mimi nilikuwa nimeandika kwa mkono "toa GB 1" kwa kila anwani ya juu. Kumbe q35 inataka nitoe GB 2! Siku tatu zimeliwa na namba moja.

Sasa sikariri tena. Nimejisajili kwenye MemoryListener (utaratibu wa ndani ya QEMU wa kutoa taarifa za mabadiliko ya kumbukumbu), QEMU yenyewe inanijulisha sehemu ikiongezwa au ikiondolewa. Mwanzoni nilikosea hapa pia: nilikuwa nabadili jedwali langu papo hapo kwenye `region_del` (taarifa ya sehemu kuondolewa), sehemu ikirudishwa mara moja nakuta nimeshaifuta. Sasa nakusanya tu, nabadili ikifika `commit` (taarifa kwamba mabadiliko yote yamekamilika).

Kimebaki kitu kimoja, kumbukumbu za ROM (za kusomwa tu). Hizo naziruka kwa sasa, sizihitaji.